Ngeli Ndani ya Msimbo: Sarufi ya Kiswahili na Utatuzi wa Hitilafu za Programu za Kompyuta na Simu, kwa Mifano ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa



Utangulizi

Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na maelekezo ya Kiswahili. Katika miaka hiyohiyo ya katikati ya 2000 Microsoft nayo ilishughulikia tafsiri za Kiswahili za Windows na Office. Mjadala uliochangamka zaidi miongoni mwa wanaisimu wakati huo ulihusu istilahi: kifaa kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mjadala huo ulikuwa wa lazima, kwa kuwa hakuna menyu isiyo na maneno. Hata hivyo, ulilifunika swali jingine lililo zito zaidi: je, sentensi ya Kiswahili inaweza kutoka salama ndani ya programu iliyojengwa juu ya sarufi ya lugha nyingine?

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba hitilafu nyingi zinazoonekana kuwa makosa ya tafsiri huzaliwa kabla mfasiri hajaitwa. Huzaliwa pale mwandishi wa programu anapojengea ndani ya msimbo dhana fulani kuhusu sarufi, saa, majina na herufi. Tiba yake, basi, haimo katika kamusi bali katika muundo wa programu yenyewe, na katika kuutengeneza muundo huo mwanaisimu ana kazi isiyoweza kufanywa na mwingine.

Mifano imechukuliwa katika nyanda za juu za Mbinga na katika mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Juu, Umatengoni, kuna kahawa na mashamba ya ngoro. Chini, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, kuna dagaa wanaoitwa usipa. Nyumbani husikika Kimatengo, Kimpoto, Kimanda na Kinyasa, ilhali Kiswahili ndicho lugha ya mizani, stakabadhi na ujumbe wa simu. Malawi na Msumbiji ziko jirani. Eneo la namna hii huipima programu kwa ukali kuliko meza ya ofisi ya mjini.

Sentensi iliyounganishwa kwa vipande

Chukuliwe mfano wa programu ya karani wa ushirika anayepima mazao na kumtumia mkulima stakabadhi kwa simu. Mwandishi wa programu huandaa kiolezo kimoja chenye nafasi tupu: jina la zao, kisha maneno “yako imepokelewa”. Akijaribu kwa kahawa, hupata “kahawa yako imepokelewa”, naye huridhika. Akiweka mahindi, hupata “mahindi yako imepokelewa”. Akiweka mchele, “mchele yako imepokelewa”. Akiweka dagaa, “dagaa yako imepokelewa”. Kiolezo kimechagua ngeli moja na kuzilazimisha nomino zote ziingie humo.

Hitilafu hii hutatuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuiandika ngeli ya kila nomino katika hifadhidata, kama vile bei na uzito vinavyoandikwa, kisha programu ichague viambishi: mchele wako umepokelewa, mahindi yako yamepokelewa, dagaa wako wamepokelewa. Ya pili ni kuiunda upya sentensi ili isidai upatanisho: “Mapokezi: mahindi, kilo 40.” Njia ya pili ni nyepesi, nayo yatosha kwa stakabadhi iliyoandikwa. Lakini haitoshi pale programu inapomsomea kwa sauti mtu asiyeona vizuri au asiyejua kusoma. Hapo tarakimu 2 haiwezi kusomwa “mbili” kila mahali: ni mifuko miwili, vikapu viwili, wavuvi wawili. Tena moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubeba viambishi vya ngeli, ilhali sita, saba, tisa na kumi havibebi. Kanuni hiyo imo katika kila kitabu cha sarufi cha shule; inachokosa ni kuingizwa katika msimbo.

Vifaa vya kufasiria programu hutambua kwamba Kiswahili kina maumbo mawili ya idadi, moja la kitu kimoja na jingine la vingine vyote. Maelezo hayo ni sahihi lakini ni pungufu. Katika “mfuko 1 umepimwa” na “mifuko 2 imepimwa”, nomino imebadilika na kitenzi pia kimebadilika. Katika “samaki 1 amepimwa” na “samaki 2 wamepimwa”, nomino haikubadilika hata kidogo. Badiliko lote liko kwenye kitenzi. Kwa hiyo kinachopaswa kupewa maumbo mawili ni sentensi nzima. Anayempa mfasiri neno mojamoja amemnyima nyenzo ya kazi yake.

Ndiyo inayofuta

Hitilafu ya pili ni ya hatari zaidi kwa kuwa haionekani kuwa kosa. Programu inapofungwa, mara nyingine huuliza: “Hutaki kuhifadhi?” na kuweka vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Katika mazungumzo ya Kiswahili, swali kanushi hujibiwa kwa kulikubali au kulikataa lile lililosemwa. Anayejibu “Ndiyo” husema: ni kweli, sitaki. Lakini mazoea ya Kiingereza ni tofauti, na kiolezo kilichofasiriwa kutoka lugha hiyo kinaweza kuwa kimefunga kitufe hichohicho kwenye tendo la kuhifadhi. Karani aliyepima kahawa tangu asubuhi anaweza kupoteza rekodi za siku nzima kwa kubonyeza jibu lililo sahihi kisarufi.

Utatuzi ni rahisi: swali kanushi liondolewe, na kitufe kibebe kitenzi chenyewe. “Hifadhi” na “Usihifadhi” haviwezi kusomwa kwa maana mbili.

Saa nane ya nani?

Mtumiaji wa Kiswahili huhesabu saa tangu mapambazuko na tangu machweo. Kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane. Kanuni ya kubadili ni fupi: chukua saa ya kimataifa, toa 6, jibu likiwa sifuri au pungufu, ongeza 12, likizidi 12, toa 12. Hivyo 14:00 ni saa nane mchana, na 20:00 ni saa mbili usiku. Tatizo hutokea programu inapoandika “saa 8:00” bila kusema ni ya mfumo gani. Abiria anayesubiri chombo Liuli anaweza kufika saa sita baada ya chombo kuondoka.

Tarehe nayo ina mtego wake. Saa nane usiku wa Ijumaa, kwa kalenda ya kompyuta, ni Jumamosi saa 02:00. Kiswahili tayari kina namna ya kuondoa utata huo: “usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi”. Programu ya tiketi isiyoweza kuandika maneno hayo haijafasiriwa, hata kama menyu zake zote ni za Kiswahili.

Mwambao wa Nyasa huongeza ugumu mwingine. Tanzania iko mbele ya saa ya ulimwengu kwa saa 3, Malawi na Msumbiji kwa saa 2. Simu iliyoruhusiwa kupokea saa kutoka mtandaoni, ikishika mnara wa ng'ambo, inaweza kurudi nyuma kwa saa nzima. Kwa sababu hiyo, saa ya tukio ihifadhiwe kwa saa ya ulimwengu, ibadilishwe kwa ukanda wa mahali pa tukio pale tu inapoonyeshwa, na iandikwe pamoja na neno la wakati: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Majina na alama ya ng'

Jina la mahali si kitambulisho. Iko Kilosa ya Morogoro, na iko Kilosa ya wilaya ya Nyasa, karibu na Mbamba Bay. Aidha, wilaya ya Nyasa yenyewe ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Rekodi ya zamani ya Liuli husema Mbinga, na ya karibuni husema Nyasa, ilhali kijiji hakikuhama. Programu iliyoandika orodha ya wilaya ndani ya msimbo hulazimika kuandikwa upya kila mipaka inapobadilika. Inafaa kila mahali papewe namba yake isiyobadilika, na jina lifuatane na kipindi cha matumizi yake. Utafutaji nao uvumilie tofauti za matamshi na tahajia: anayeandika ngoro na anayeandika ngolo wanatafuta mashamba yaleyale.

Neno “ng'ombe” ni mtihani wa aina yake. Katika lugha nyingi za kuamuru hifadhidata, alama hiyo ya juu hufunga maandishi. Programu inayounganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja na amri hukwama inapofika “ng'”, na mlango huohuo ndio anaoutumia mdukuzi kupenyeza amri zake. Wapo wanaotatua kwa kuikataza alama. Hilo ni kuikata lugha ili itoshe kwenye programu: kung'oa si sawa na ngoa, maana la kwanza ni kuondoa kitu na mizizi yake na la pili ni wivu. Utatuzi wa haki ni kuipeleka thamani kando ya amri, pasipo kuviunganisha, na kuzigeuza alama zote za juu, zilizonyooka na zilizopinda, kuwa umbo moja kabla ya kuhifadhi na kutafuta.

Herufi za jirani

Kiswahili hutosheka na herufi za kawaida za Kilatini. Lugha zinazokizunguka hazitosheki zote. Kimatengo kina irabu saba, na mwanaisimu anayezitofautisha huhitaji alama kama ɛ na ɔ. Tahajia ya Kichewa, lugha iliyo ndugu wa Kinyasa cha mwambao, imetumia ŵ. Herufi hiyo inaweza kuhifadhiwa kama alama moja, au kama w na kofia yake kando. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni vitu viwili, na mtafutaji huambiwa hakuna kilichopatikana. Dawa ni kuyasawazisha maandishi yote kwa kanuni za Unikodi.

Hali kadhalika, ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160 za seti ya kawaida. Ikiingia ŵ moja tu, nafasi hushuka hadi 70, na ujumbe uliokuwa mmoja hugawanyika na kulipiwa zaidi. Mbunifu asiyejua hili ataona gharama zimepanda bila kujua kwamba herufi moja ndiyo iliyozipandisha.

“Imetumwa” maana yake nini?

Milima na mabonde hufanya mtandao uje na kuondoka. Karani hubonyeza “Tuma”, ujumbe hubaki ndani ya simu, na programu huandika “Imetumwa”. Asipoona jibu, hubonyeza tena. Mtandao ukirudi, seva hupokea gunia moja mara mbili. Kiufundi, kila rekodi ipewe namba ya pekee tangu ilipozaliwa ndani ya simu, ili seva itambue marudio na kuyapuuza. Kilugha, hali tatu zipewe vitenzi vitatu: imehifadhiwa kwenye simu, imetumwa, imepokelewa. Kiambishi -me- hudai kwamba tendo limekamilika. Programu isikitumie kutangaza jambo ambalo halijatokea.

Hitimisho

Upo upinzani unaosema kwamba mtumiaji huzoea: ataelewa “mahindi yako imepokelewa” na maisha yataendelea. Ni kweli kwamba msomaji hodari huirekebisha sentensi kichwani. Lakini uhodari huo haumsaidii aliyebonyeza Ndiyo na kupoteza rekodi, wala aliyekosa chombo kwa saa nane isiyo na mchana wala usiku. Zaidi ya hayo, lugha inayozoezwa kuonekana imeharibika kila inapopita kwenye mashine hujengewa sifa ya kutofaa kwa mashine, ilhali kosa si lake.

Historia imeonyesha vinginevyo. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kujenga mfumo wa SALAMA, unaochambua maneno ya Kiswahili kwa kanuni za mofolojia. Orodha ya maneno, hata iwe ndefu namna gani, haiwezi kuyamaliza maneno kama “hawajatupimia”. Lakini mwenye kuyatambua ha-wa-ja-tu-pim-i-a anahitaji kanuni chache tu. Kilichoonekana kuwa utata wa Kiswahili kiligeuka kuwa utaratibu wake, na utaratibu ndio chakula cha kompyuta.

Idara za Kiswahili na za sayansi ya kompyuta zinaweza kuanza na jambo dogo. Kabla programu haijatoka, ijaribiwe kwa nomino ya kila ngeli, kwa kitu kimoja na kwa vingi, kwa saa nane ya mchana na ya usiku, kwa ng'ombe na kwa ŵ, mtandao ukiwepo na usipokuwepo. Orodha hiyo inaweza kuandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa isimu kwa alasiri moja, na mkulima wa Mbinga akapata stakabadhi isemayo sawasawa kile kilichopimwa.