Keki za rangi tatu, ladha moja

Mwaka 2012, katika mji wa Edmonton nchini Kanada, ofisi moja ilipokea keki ndogo zipatazo 400. Zilikuwa zimepambwa kwa rangi tatu: nyekundu, bluu na kijani. Ungedhani ni zawadi ya sikukuu. Lakini ukionja ile nyekundu, ukaonja ya bluu, kisha ukamalizia na ya kijani, unakuta ladha ni ile ile moja. Waliozituma walikuwa wateja wenye hasira, na keki hizo ndizo zilikuwa barua yao ya malalamiko.

Ofisi hiyo ni ya BioWare, kampuni inayotengeneza michezo ya kompyuta. Najua wapo watakaosema, "Mtangazaji naye! Sisi tunawaza bei ya unga, yeye anatuletea michezo ya watoto." Naomba uvumilivu wako. Kwanza, wachezaji wa michezo hii si watoto peke yao. Pita jioni kwenye vibanda vya gemu hapa mjini, utawakuta watu wenye ndevu zao wakigombea zamu. Pili, kisa hiki kinahusu jambo ambalo mwenye genge, fundi cherehani na hata sisi wa redio tunaishi nalo kila siku. Jambo hilo ni imani ya mteja: namna inavyojengwa, na namna inavyoondoka.

BioWare ilianzishwa mwaka 1995, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa madaktari wa binadamu, Ray Muzyka, Greg Zeschuk na Augustine Yip. Mwaka 1998 walitoa mchezo uitwao Baldur's Gate, na jina lao likavuma. Sifa yao haikuwa kwenye mapigano wala mbio za magari. Sifa yao ilikuwa hadithi. Mchezaji alipewa wenzake wa safari, kila mmoja na tabia yake, akazoeana nao, akagombana nao, wengine akawapenda.

Mwaka 2007 wakaanza Mass Effect, hadithi ya nahodha wa chombo cha angani, iliyogawanywa katika sehemu tatu. Mchezaji ndiye aliyeamua nani aokolewe na nani aachwe. Na uamuzi uliofanywa katika sehemu ya kwanza ulimfuata hadi ya tatu, kama deni la dukani. Watu waliishi na hadithi hiyo kwa miaka mitano. Kabla ya sehemu ya mwisho kutoka, kiongozi wa kazi hiyo alisema kwamba miisho yake isingekuwa ya kuhesabika kama herufi A, B na C.

Machi 2012 sehemu hiyo ikatoka. Baada ya safari yote ile, mchezaji alifika mahali pa kuchagua moja kati ya njia tatu, na miisho yake ilifanana mno. Tofauti kubwa iliyoonekana kwa macho ilikuwa rangi ya mwanga: nyekundu, bluu au kijani. Sasa, msikilizaji, umezielewa zile keki.

Lakini angalia walivyolalamika. Mbali na keki, wateja hao walichangishana zaidi ya dola 80,000 za Marekani, wakazipeleka kwa shirika la hisani linalowapatia watoto waliolazwa hospitalini vitu vya kuchezea. Walitaka ijulikane kwamba hawana nia mbaya. Kampuni ilisikia, na mwezi Juni mwaka huo ikatoa bure nyongeza ya kufafanua mwisho ule. Si wote walioridhika, lakini mtu alisema na mtu akajibu.

Haifai kuficha kwamba wengine walitukana, na wapo wafanyakazi waliotumiwa maneno ya kuwadhalilisha. Hilo ni kosa, na kununua kitu hakumpi mtu haki ya kumtukana aliyekitengeneza. Hata hivyo, matusi ya wachache yasitumike kuziba masikio mbele ya malalamiko ya wengi.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini hapa methali hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu wagema walikwisha kuuza mnazi. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba kampuni kubwa ya Marekani, Electronic Arts, inainunua BioWare, na Septemba 2012 Muzyka na Zeschuk wakatangaza kustaafu. Jina likabaki mlangoni, wenye jina wakaondoka.

Mwaka 2017 ukatoka mchezo wa Mass Effect Andromeda, watu wakazicheka nyuso za wahusika wake zilizokakamaa. Mwaka 2019 ukafuata Anthem. Baada ya huo kutoka, mwandishi wa habari mmoja wa Marekani aliwahoji wafanyakazi, wakaeleza kwamba ndani ya kampuni ilikuwepo imani kuwa "uchawi wa BioWare" ungefanya kazi. Maana yake ni hivi: miaka inapita mambo yakiwa shaghalabaghala, lakini miezi ya mwisho watu wanakesha, na kila kitu kinakaa sawa. Wengine walikesha hadi wakaugua kwa mawazo. Kwa hiyo tusimtwishe tajiri mnunuzi lawama zote. Uvivu wa kupanga ulikuwa nyumbani, na ulipewa jina zuri ili usionekane.

Februari 2021 mpango wa kuufufua mchezo wa Anthem ukafutwa. Julai 2025 ikatangazwa kwamba mitambo inayouendesha itazimwa tarehe 12 Januari 2026. Mchezo huo hauwezi kuchezwa bila mitambo hiyo. Maana yake, aliyetoa fedha yake halali dukani amebaki na kasha na picha ya juu. Hili na litutafakarishe, maana vitu vya namna hiyo vinazidi kuingia majumbani mwetu: unalipa kama mwenye mali, kumbe wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba ana ufunguo wake.

Oktoba 2024 BioWare wakatoa Dragon Age: The Veilguard. Januari 2025 Electronic Arts ikasema uliwapata wachezaji milioni 1.5, karibu nusu tu ya waliotarajiwa. Baadhi ya wafanyakazi wakahamishiwa idara nyingine, wengine wakapoteza kazi. Kabla ya hapo, Agosti 2023, wapatao 50 walikuwa wamekwisha kupunguzwa.

Mwaka 2012 watu walikuwa na hasira, wakatoa fedha zao mfukoni kununua keki ili wasikike. Mwaka 2024 walikuwepo waliobishana, ni kweli, lakini wengi walipita tu mbele ya duka wakaenda zao.

Sisi wa redio tuna kipimo chetu. Msikilizaji anayeandika barua kwamba kipindi chako cha wiki iliyopita kilikuwa kibovu, huyo bado ni wako. Amekusikiliza hadi mwisho, akatafuta kalamu, akanunua stempu. Wa kumwogopa ni yule aliyebadilisha stesheni bila kukuaga. Huyo humwoni, na hutajua siku aliyoondoka.

Ndivyo ilivyo kwa mama anayeuza vitumbua pembeni ya kituo cha basi. Siku unapomwambia, "Mama, leo umepunguza sukari," unampa nafasi. Akikujibu, "Kama hutaki acha," kesho hutamwambia kitu. Utapita upande wa pili wa barabara. Naye atalaumu mvua, atalaumu hali ya uchumi, atamlaumu jirani aliyefungua meza mpya.

Waliobaki BioWare walikabidhiwa kazi ya kutengeneza Mass Effect nyingine. Wapo wachezaji ambao watainunua kwa sababu ya miaka ile ya zamani, na nawatakia wasijute. Lakini mapenzi ya zamani ni akiba, na akiba huliwa ikaisha. Wewe mwenye duka, mwenye gereji, mwenye shule, usiwachukie wanaokulalamikia leo. Wasikilize wakiwa bado wana hamu ya kukuletea keki.