Maji Yanayonuka Dawa

Leo tuzungumze kuhusu maji ya kunywa.

Pengine umewahi kumpa mtoto maji ya mfereji akayatema na kusema, "Mama, haya yananuka dawa!" Ukachukua jerikeni ukaenda kwenye kisima cha jirani, kwa kuwa maji yake ni baridi, maangavu na matamu. Kina mama wengi hufanya hivyo. Lakini ulimi na macho vinaweza kutudanganya, na anayeumia ni mtoto.

Sikiliza yaliyoonekana hapa kwetu Eldoret. Mwaka wa 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika mtaa wa Langas. Sampuli 31 za maji ya visima vifupi zilipimwa. Zote zilikuwa na bakteria, na karibu zote zilionyesha dalili za kinyesi. Sampuli za maji ya mfereji hazikuwa na bakteria hao. Viini vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, wala havina harufu au ladha ya kukuonya.

Ile harufu ya dawa ni klorini. Hutiwa ili iue viini na kuyalinda maji yakiwa njiani kwenye mabomba. Ikimsumbua mtoto, weka maji katika chombo safi, funika kwa kitambaa safi, uyaache saa kadhaa. Harufu itapungua. Maji yakitoka yakiwa na rangi ya maziwa, kisha yakaangaza kuanzia chini ya gilasi, hiyo ni hewa tu.

Lakini yakitoka ya kahawia, au yakinuka maji taka, usimpe mtoto. Huenda bomba limepasuka na uchafu umeingia. Toa habari kwa kampuni ya maji, ELDOWAS.

Na je, kama kisima ndicho ulicho nacho? Chemsha maji mpaka yatokote kabisa, au utie dawa ya maji kwa kufuata maagizo ya chupa. Kisha yahifadhi katika chombo safi chenye kifuniko, maana hata maji ya mfereji huharibika yakichotwa kwa mikono michafu.

Mama, utamu wa maji si usalama wake.