Kisima Kilichoandikwa Baharini

Lipo jedwali moja lililotokana na takwimu za Wizara ya Maji ya Tanzania ambalo wanafunzi wa kompyuta wa nchi nyingi wamelishika mikononi, hata wale wasiojua Tanzania iko upande gani wa Afrika. Lina mistari 59,400. Kila mstari ni kituo kimoja cha kuchotea maji, kuanzia bomba la kijijini na kisima cha pampu ya mkono hadi chemchemi iliyojengewa. Sehemu kubwa ya taarifa hizo ilikusanywa kati ya mwaka 2011 na 2013. Baadaye zikawekwa wazi, na kampuni ya DrivenData ya Marekani ikazitumia kuandaa mashindano. Mshindani anatakiwa abashiri ni kituo kipi kinatoa maji, kipi kinahitaji matengenezo na kipi kimekufa.

Nalisifu jedwali hili, na nataka lisifiwe. Linasema bila kuficha kwamba vituo 32,259 vilikuwa vinafanya kazi, vituo 4,317 vilitoa maji lakini vilihitaji fundi, na vituo 22,824 havikufanya kazi kabisa. Serikali iliyokubali hesabu kama hiyo ijulikane imefanya jambo la kishujaa. Tena yamo zaidi ya hayo. Limeandikwa nani alifadhili, nani alijenga, maji ni ya kutosha au ya msimu, wanakijiji wanalipia kwa ndoo au kwa mwezi, na pampu ni ya aina gani: Afridev, India Mark II, Nira, SWN 80. Mfanyabiashara wa vipuri akilisoma kwa makini anajua wilaya gani ina pampu za aina anayouza. Diwani anajua kata yake ina mabomba mangapi yaliyokauka, na anaingia kwenye baraza la madiwani na hoja yenye namba.

Sasa tazama kwa karibu. Vituo 1,812 katika jedwali hilo vimeandikwa longitudo sifuri, na latitudo yake nayo ni kama sifuri. Ukiviweka kwenye ramani, vinaangukia Bahari ya Atlantiki, kusini mwa Ghana. Lakini mistari hiyohiyo inataja mkoa, nayo ni Mwanza na Shinyanga. Inataja wilaya na kata pia. Na kwenye mistari zaidi ya 20,000 ya jedwali zima, mwaka wa ujenzi umeandikwa sifuri.

Anayeshindana hufanyaje akikutana na sifuri hizo? Huchukua wastani wa wilaya, akajaza, akaendelea na kazi yake. Kwa mashindano inatosha. Lakini mtendaji wa kata, akionyeshwa mistari ya kata yake peke yake, angeweza kuketi na wenyeviti wa vitongoji akasahihisha mingi kabla jua halijazama, kwa sababu kisima anachoulizwa amekunywa maji yake. Maarifa yanayokosekana yako kijijini. Kinachokosekana ni njia ya kuyafikisha ofisini, na mtu wa kuyapokea.

Hapo ndipo taasisi zetu za umma zinapohitaji msaada, na hapo ndipo zinapoachwa peke yake. Tunaziambia zifungue takwimu, zikifungua tunazipigia makofi au tunazisuta, kisha tunaondoka. Ofisa aliyelala saa tano usiku akisafisha jedwali hakuna anayemrudishia neno. Akiambiwa lolote, huambiwa kwenye gazeti kwamba takwimu zake zina makosa. Mwaka unaofuata, mwambie tena afungue! Atakutolea ripoti iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, namba zinasomeka kwa macho lakini huwezi kuzijumlisha mpaka uzichape upya. Simlaumu. Amejifunza kwamba uwazi una gharama, na gharama yote ameibeba yeye.

Na tukumbuke amefanya kazi katika mazingira gani. Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi mwaka 2011, ikajitoa mwaka 2017. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyowatia hofu watu waliotoa hesabu zinazopingana na zile rasmi, na mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kulegezwa. Mtumishi aliyepita katika miaka hiyo hafungui kabati kwa sababu tu ya semina ya siku mbili hotelini.

Msaada ninaousema ni wa mikono. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani kupitia mradi wa Ramani Huria. Wakishirikiana na wakazi wa maeneo yanayofurika Dar es Salaam, walichora mitaro, njia na nyumba, na ramani ile ikawa ya kila mtu. Vijana kama hao tunao kila mwaka, wanahangaika kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Chuo cha Maji kinao, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kinao. RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina ofisi hadi wilayani. Meneja wa wilaya akipewa vijana wawili wa kupokea masahihisho ya jumuiya za watumia maji, kuyahakiki na kuandika tarehe pembeni mwa kila badiliko, jedwali lake litakuwa hai. Majina na simu za watu zibaki ofisini. Hali ya bomba itoke.

Nawaomba wabunge wanaojadili bajeti ya Wizara ya Maji waulize swali moja ambalo sisi wananchi hatuna nafasi ya kuliuliza ukumbini: katika kila mradi mpya wa maji vijijini, ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya mtu atakayerudi kituoni mwaka wa tatu, afungue bomba, na kuandika alichokikuta?