Jina Lisilokuwa Lake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, tumche Mwenyezi Mungu. Imepokewa kutoka kwa Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, kwamba watatokea katika umma wake watu watakaokunywa pombe huku wakiiita kwa jina lisilokuwa lake. Sisi tuishio Misungwi, tangu Usagara hata Kigongo, na tuizingatie habari hiyo, kwani majina hayo hayako mbali nasi.

Tazameni bia ziuzwazo nchini. Moja imepewa jina la mlima Kilimanjaro, nyingine la mbuga ya Serengeti. Na iliyokusudiwa hasa watu wa Kanda ya Ziwa ikaitwa Balimi, yaani wakulima. Kwa jina hilo yakapata kufanyika mashindano ya mitumbwi humu ziwani. Hata Taifa Stars, timu yetu ya mpira, imepata kudhaminiwa kwa fedha za bia. Basi kijana haambiwi, "Njoo ulewe." Anaambiwa kwamba kinywaji hiki ni nchi yake, ni jembe la baba yake, ni ushindi wa timu yake. Kisha anaambiwa anywe kistaarabu, kana kwamba ulevi nao una adabu zake.

Hata ufungaji wake ni mwaliko. Pombe kali ilipotiwa katika viroba, bei ikawa ndogo na kuificha mfukoni kukawa rahisi, hata Serikali ikavipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017.

Mwenyezi Mungu, katika Suratul Maida, aya ya 90, ameihesabu pombe kuwa ni uchafu na kazi ya shetani, akatuamrisha tuiepuke. Hilo ndilo jina lake. Nalo Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 ulimwenguni. Hesabu hiyo haipakwi ukutani.

Nasi tujihesabu. Mtume hakumlaani mnywaji peke yake. Amewalaani kumi, wakiwemo mwenye kuibeba, mwenye kuiuza na mwenye kula thamani yake. Itakuwaje basi kwa yule miongoni mwetu asiyeonja hata tone, lakini ukuta wa duka lake umepakwa jina la bia, na mwanawe amevaa fulana yake? Tunamcheka mlevi aangukaye njiani, na aliyemwalika tunamheshimu. Fedha ya pamba na mpunga inapoishia kilabuni, mama na watoto waliolala njaa hawaulizi chupa iliitwaje.

Basi tuwafundishe watoto wetu jina lake la kweli. Tusiiazime kuta zetu wala vifua vyetu. Na waliokwisha kunaswa tuwavute kwa huruma, si kwa kejeli.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na utujaalie kuifuata. Tuonyeshe batili kuwa ni batili na utujaalie kuiepuka. Amin.