MAPAFU YA WATOTO WETU NA KAZI ZA NCHI ZA JUU
(Hotuba kwa wanachama)



Kazi humpeleka mtu mbali, na watoto humfuata. Kwa hiyo nataka kusema juu ya ugonjwa wa mapafu unaowapata watoto mahali palipoinuka sana, hasa kupita meta 2,500.

Huko juu hewa ni nyepesi. Mishipa ya damu ndani ya mapafu hujibana, damu husukumwa kwa nguvu mno, na maji huvujia mahali pa hewa. Mtoto huwa kama azamaye, ilhali yu nchi kavu.

Tazameni La Oroya, mji wa wafanya kazi wa madini katika nchi ya Peru, karibu meta 3,750 juu ya bahari. Familia zilishuka pwani kwa likizo, kisha zikarudi nyumbani upesi. Mwaka 1978 madaktari Hultgren na Marticorena walieleza kwamba ugonjwa huu uliwapata watoto na vijana kuliko watu wazima. Basi mtu asijidanganye kwa kusema, "Mwanangu amezaliwa huku." Hata likizo fupi yaweza kuondoa mazoea ya mapafu.

Ni nani wa kuangaliwa zaidi? Kwanza, apandishwaye upesi. Pili, mwenye mafua au kikohozi. Tatu, aliyezaliwa na kasoro ya moyo, au mwenye hali iitwayo Down. Nne, aliyekwisha kuugua hivyo zamani. Baridi na michezo ya nguvu siku za kwanza huzidisha hatari.

Kwetu Kenya miji mingi iko chini ya kimo hicho. Nairobi ni kama meta 1,700. Reli karibu na Timboroa yapita meta 2,700, lakini hatari huko ni ndogo kuliko La Oroya. Kambi za juu za Mlima Kenya hupita meta 4,000. Huko tahadhari ni lazima.

Dalili ni hizi: mtoto ahema hata akitulia, akohoa, midomo yageuka buluu, mchanga hukataa kunyonya. Wengi hudhani ni kichomi tu. Msingoje asubuhi. Mteremsheni mara moja, mfunikeni apate joto, mpelekeni kwa daktari apewe oksijeni.

Na tukijadiliana na waajiri juu ya kazi za juu, tusitaje mshahara tu. Tudai siku za safari ili familia zilale njiani, oksijeni katika zahanati, na gari la kuteremsha mgonjwa usiku.