Kimeng'enya Kikipata pa Kushika

Majuzi mama yangu mkubwa, ambaye anaishi na kisukari mwaka wa 11 sasa, alijipima nyumbani. Mashine ikasoma 6. Akafurahi, akaongeza kitumbua cha pili kwenye chai. Lakini kiu haikumwacha, na usiku aliamka mara tano kwenda haja ndogo. Asubuhi nikampeleka zahanati. Kwa vijikaratasi vyao vya kupimia ikaja 17.

Muuguzi hakuuliza habari za kitumbua. Aliuliza, "Mama, kikopo cha vijikaratasi unakiweka wapi?" Kumbe kilikaa dirishani, kifuniko wazi, mchana jua, usiku unyevu wa bahari.

Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari. Kemia niliagana nayo kidato cha nne bila machozi. Ikabidi nianze kuulizauliza. Nikaambiwa kwamba kwenye kila kijikaratasi kuna kimeng'enya, na ndicho kinachoitambua sukari katika damu. Kimeng'enya ni protini iliyojikunja kwa namna yake, na uwezo wake wote umo katika mkunjo huo. Joto likizidi, mkunjo hufunguka, mfano wa ute wa yai kikaangoni. Ukishakuwa mweupe, haurudi kuwa maji.

Udhaifu huu umewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1916 Nelson na Griffin, huko Marekani, waliona kwamba kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa kiliendelea na kazi hata kikiwa kimenata kwenye mkaa. Mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ilianza kutumia kiwandani kimeng'enya kilichoshikizwa, kutengeneza asidi amino. Kikishikizwa hakimwagwi pamoja na bidhaa. Kinabaki palepale na kutumika tena na tena. Na kikishikwa vizuri, hakifunguki upesi.

Sasa kishikwe na nini? Hapa ndipo nilipokaa vizuri kitini, maana nilitajiwa maganda ya kamba. Kamba wa baharini, msikilizaji, wale wa Rufiji, si kamba za kufungia mbuzi. Ganda lake lina kitu kiitwacho kitini. Ukiliosha kwa tindikali kuondoa chokaa, kisha kwa magadi makali, unapata kitosani, ambayo ni polima ya asili. Kitosani huyeyushwa katika asidi hafifu kama ya siki, mara nyingi ikichanganywa na polima nyingine ili ivutike, ikatiwa katika bomba la sindano. Sindano hiyo huunganishwa na umeme wa maelfu ya volti. Umeme huvuta tone likawa uzi, uzi ukarefuka na kukauka hewani, ukaangukia kwenye bamba na kujilaza kama pamba iliyochambuliwa. Unene wake ni nanomita mia chache tu; unywele wa kichwani ni maelfu kwa maelfu ya nanomita.

Wembamba huo ndio mtaji wenyewe. Gramu moja ya nyuzi kama hizo ina eneo kubwa sana la kushikia, na vimeng'enya vingi hupata nafasi bila kusukumana. Halafu huunganishwa kwa dawa, aghalabu glutaraldehaidi, inayofunga kimeng'enya na uzi kama gundi.

Lakini gundi ikizidi, kimeng'enya hukakamaa. Kinadumu, ila hakifanyi kazi, kama mlinzi aliyefungwa kwenye nguzo. Ikipungua, kinachomoka na kwenda na maji. Tena glutaraldehaidi yenyewe ni sumu, na mabaki yake lazima yaoshwe. Kwa hiyo msikilizaji akisoma mahali kwamba kimeng'enya kimeongezewa maisha, na aulize pia kimebakiwa na nguvu kiasi gani. Mimi nimeona taarifa nyingi zikisifu la kwanza na kulipitia la pili mbiombio.

Tena kudumu katika chupa ya maabara ni jambo moja, na kudumu dirishani kwa mama mkubwa ni jambo jingine. Mtu anayenunua kikopo kimoja kwa fedha za mwezi mzima hana cha pili cha kulinganishia.

Kikopo chake sasa kimehamia sandukuni, chini ya kanga, na kifuniko hufungwa papo hapo. Jana alinipigia simu. Mashine ilikuwa imesoma 9, na alitaka kujua kama aiamini. Nilimwambia tupitie tena kwa muuguzi.