Na Sara, aliambiwa?



Jumatano moja, katika shirika letu la Katuba, tulisoma Mwanzo 22, pale Abrahamu anapompeleka Isaka mlimani. Mama mmoja asiyejua kusoma akauliza: "Na Sara, aliambiwa?" Mimi ndiye niliyekuwa ninaongoza. Nikamjibu kwamba hayo hayakuandikwa, tuendelee. Akanyamaza mpaka mwisho. Wiki iliyofuata hakufika.

Baadaye nikajua kwamba swali lake ni la kale. Walimu wa Wayahudi walikwisha kulijadili. Waliona kwamba sura ya 23 inaanza na kifo cha Sara, mwenye miaka 127, wakajiuliza kama si habari ile ya mlimani iliyomuua.

Wayahudi si wageni hapa Lubumbashi. Wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, na sinagogi yao imesimama mjini kwa miaka mingi. Wana desturi ya kusoma inayoitwa hevruta, neno lenye maana ya urafiki. Watu wawili wanakaa na andiko moja. Wanasoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Mmoja anaeleza, mwenzake anapinga. Mgeni akipita mlangoni atadhani wanagombana! Zamani walikuwa wanaume tu. Leo mahali pengi wanawake nao wanakaa mezani.

Talmud inasimulia juu ya Rabi Yohanan. Mwenzake wa kusoma, Resh Lakish, alipokufa, wakampelekea msomi mwingine, naye kila mara alimletea andiko la kumuunga mkono. Yohanan hakufurahi. Resh Lakish alikuwa akimpinga mara 24, naye akalazimika kutafuta majibu 24, na hivyo fundisho likapanuka. Akatembea akilia, akimwita rafiki yake.

Katika mashirika yetu, kiongozi anasema, wengine wanaitika. Lakini Yezu mwenyewe, akiwa na miaka 12, alikaa hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza (Luka 2,46).

Basi wiki hii mjaribu. Mkae wawili wawili, asiyejua kusoma pamoja na anayejua. Andiko lisomwe polepole, mara mbili. Yule aliyesikiliza ndiye aulize kwanza, na kiongozi asikimbilie kujibu.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda nyumbani kwa mama yule kuomba msamaha. Akanipa kiti, akaniangalia, akasema: "Sawa, baba. Lakini Sara, aliambiwa ao hapana?"

Jumatano tutakaa pamoja, mimi na yeye, na sura ya 23.